Ua Haliwezi Kukuchagulia Kamera



Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka jana Chama chetu cha Kiswahili kilichanga pesa, shilingi kwa shilingi, ili kinunue kamera ya dijitali ya mitumba ya kupigia picha za jarida hili. Tukapanda matatu kutoka Njiru hadi mjini. Muuzaji mmoja akatuonyesha kwenye simu yake picha za mfano: ua jekundu, ziwa, machweo ya jua. Lo! Tulibaki vinywa wazi. Nusura tulipe, ila katibu wetu akaomba tupigwe picha moja pale pale dukani. Kumbe! Mashati yetu yaling'aa kama taa na nyuso zikawa madoa meusi. Tulirudi Njiru na pesa zetu, na somo juu yake.

Somo lenyewe ni hili: picha ya mfano hupima kamera kwa kazi iliyofanywa siku hiyo tu. Ua lililo juani hata kamera duni hulinasa vizuri, maana mwanga ni tele. Kazi yetu sisi ni nyuso za wanafunzi ndani ya ukumbi wenye balbu chache. Basi hebu tuangalie mambo manne.

Kwanza, usihukumu picha kwenye simu, wala ile iliyotumwa kwa WhatsApp, kwani hupunguzwa. Omba faili yenyewe, uifungue kwenye kompyuta na kuikuza hadi asilimia 100. Kama katikati pako wazi lakini pembeni pana ukungu, huenda lenzi ina walakini.

Pili, omba picha iliyopigwa ndani bila flashi. Mwanga ukiwa haba, chenga huzidi. Kamera nyingine hufuta chenga hizo pamoja na kope na nywele, ngozi ikabaki kama plastiki.

Tatu, tazama nyuso. Enzi za filamu, maabara nyingi zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, na watu weusi mara nyingi walitoka vibaya. Kamera za leo zimeboreka, lakini usikubali kwa maneno tu. Je, macho ya mwenye ngozi nyeusi yanaonekana, na mikunjo ya shati lake jeupe pia? Hata hivyo usiwe na pupa ya kulaumu: dirisha likiwa nyuma ya mtu, kamera hudanganyika. Ongeza mwanga kwenye mipangilio, kisha upige tena.

Nne, usibabaishwe na megapikseli. Ukurasa mzima wa A4, kwa nukta 300 kila inchi, wahitaji nukta 2480 kwa 3508, yaani karibu milioni 9. Megapikseli 12 zinatutosha kabisa. Sensa kubwa ina faida zaidi gizani kuliko hesabu kubwa.

Ndugu msomaji, jarida hili ndilo kumbukumbu yetu. Miaka ishirini ijayo mmoja wetu atalifungua akimtafuta rafiki aliyekaa naye dawati moja. Asije akakuta doa jeusi juu ya shati jeupe. Tahadhari kabla ya hatari.

Kiswahili kitukuzwe!