Programu Moja, Nywila Mbili

Wewe na mwenzako mmeshawahi kununiana kwa sababu ya kompyuta? Sisi yametukuta, hapa hapa Mtwara mjini.

Tuna duka la vifaa vya ujenzi. Msimu wa korosho, malipo ya stakabadhi ghalani yakishatoka, wakulima wanafuata mabati. Mimi naandika mauzo kwenye Excel, mume wangu naye ana nakala yake kwenye flashi. Jioni mahesabu hayaoani.

"Mama Asha, laki mbili ziko wapi?"

Nililia usiku kucha. Kumbe ziliandikwa kwenye faili lake, kwangu hazipo!

Baba Asha akataka tununue programu kubwa ya bei mbaya. Nikamwambia tusinunue kwa sifa, tujiulize kwanza. Je, wote wawili tutaiweza? Kila mtu atakuwa na nywila yake, ijulikane nani kaingiza nini? Intaneti ikikatika, tutaendelea kuuza? Tukiihama, kumbukumbu zetu tutatoka nazo? Tukachukua ndogo iliyojibu yote manne.

Jumapili sasa hatufungui duka. Tunakwenda ufukweni Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Asha anaogelea, sisi tunacheza bao. Anayefungwa anachoma samaki, na ni mwiko kutaja mabati.

Siku hizi laki mbili zikipotea, tunazitafuta pamoja. Je, mwenzako anaijua hesabu yenu, au anaulizwa tu?