Marathoni za Kutafuta Muda

Kuanzia mwaka 2003 hadi 2022, rekodi ya dunia ya marathoni kwa wanaume ilivunjwa mara nane, na mara zote nane ilivunjwa Berlin. Paul Tergat alianza kwa saa 2:04:55. Wa mwisho katika mfululizo huo alikuwa Eliud Kipchoge, kwa 2:01:09. Oktoba 2023 Kelvin Kiptum aliihamishia rekodi Chicago kwa 2:00:35. Miezi kumi kabla ya hapo alikuwa amekimbia marathoni yake ya kwanza Valencia kwa 2:01:53, na nyuma yake Gabriel Geay akaweka rekodi ya Tanzania ya 2:03:00. Kwa hiyo majina ya miji hiyo mitatu ndiyo hutajwa kwanza kila mkimbiaji wa ridhaa anapouliza aende wapi kuvunja saa tatu, au saa tatu na nusu.

Orodha hiyo ni ya kweli, lakini haimhusu yeye moja kwa moja. Sehemu ya kasi ya mabingwa hununuliwa. Waandaaji huwalipa wadhibiti kasi wa kuwakinga na upepo hadi kilomita ya 25 au 30, huwawekea chupa zao mezani kila kilomita tano, na huwapanga mbele kabisa ya mstari ambako hakuna wa kuwazuia. Mkimbiaji wa saa 3:10 hapati hata kimoja kati ya hivyo. Anachogawana na bingwa ni barabara na hali ya hewa, na hapo ndipo ulinganisho wa haki unapoanzia.

Barabara ya kasi kwanza ni tambarare. Berlin, tofauti kati ya sehemu ya chini kabisa na ya juu kabisa haifiki mita 20. Chicago, Valencia, Amsterdam na Sevilla ziko katika kundi hilohilo, na Rotterdam pia, ingawa daraja la Erasmus lina kijimwinuko chake. Chicago huweka mwinuko mfupi wa Roosevelt Road karibu na utepe, mahali ambapo hata kilima cha kawaida cha mjini huonekana mlima. London hushuka katika kilomita za kwanza kutoka Blackheath, na Tokyo hushuka kutoka Shinjuku. Miteremko hiyo haina ubaya isipokuwa mmoja: humdanganya mkimbiaji atumie mapema nguvu atakazozihitaji baada ya kilomita 30. Kwa upande mwingine, New York, pamoja na utukufu wake wote, ina madaraja mengi mno kwa anayetafuta muda.

Mteremko mkubwa una sheria zake. World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, haitambui rekodi iliyowekwa kwenye njia inayoshuka zaidi ya mita moja kwa kila kilomita, yaani mita 42 kwa marathoni nzima, wala ile ambayo mahali pa kuanzia na pa kumalizia vimeachana kwa zaidi ya nusu ya umbali wa mbio. Boston, ambayo imekimbiwa tangu 1897, huvunja masharti yote mawili: huanzia Hopkinton na kushuka takriban mita 140 hadi katikati ya jiji. Ndiyo sababu 2:03:02 ya Geoffrey Mutai mwaka 2011, iliyokuwa chini ya rekodi ya wakati huo kwa sekunde 57, haikuwa rekodi ya dunia. Siku ile upepo ulivuma ukiwasukuma mgongoni. Hata hivyo ni kosa kuihesabu Boston kuwa njia rahisi. Mteremko wa mwanzo huitwanga misuli ya mapaja, kisha vilima vya Newton huja kilomita ya 26 na kuendelea, na cha mwisho, Heartbreak Hill, humngoja mkimbiaji karibu na kilomita ya 33.

Wamarekani wengi wanaotafuta muda wa kufuzu Boston huenda California International Marathon, inayotoka Folsom hadi Sacramento mwanzoni mwa Desemba. Hushuka takriban mita 100 kwa mawimbi ya kupanda na kushuka, na muda wake hukubaliwa kufuzu Boston bila ubishi. Zipo nyingine zinazoporomoka kutoka milimani kwa mamia ya mita. Kuanzia mbio za mwaka 2027, Boston inawaongezea dakika 5 waliofuzu kwenye njia inayoshuka futi 1,500 au zaidi (kama mita 457), na dakika 10 ikifika futi 3,000. Ikifika futi 6,000 muda haupokelewi kabisa. Ni uamuzi wa haki. Muda wa namna hiyo huonyesha urefu wa mlima kuliko uwezo wa mkimbiaji.

Hali ya hewa ina uzito kuliko barabara, na ndiyo hupuuzwa zaidi. Marathoni hukimbiwa vizuri katika baridi, kwenye nyuzijoto kama 10 au pungufu kidogo, bila upepo. Kila joto linapopanda juu ya hapo, moyo hulazimika kupeleka damu nyingi zaidi kwenye ngozi ili kuupoza mwili, na inayobaki kwa misuli hupungua. Mkimbiaji wa ridhaa huumia kuliko bingwa, kwa sababu bado yuko barabarani saa moja na zaidi baada ya bingwa kuoga, na jua linazidi kupanda. Chicago mwaka 2007, joto lilipopita nyuzi 30, waandaaji walisimamisha mbio wakati maelfu ya watu wangali njiani. Kwa kipimo hiki Berlin ina kasoro: mwishoni mwa Septemba bado kuna siku za kiangazi. Oktoba ya Chicago na Amsterdam ni kamari yenye uwezekano mzuri zaidi, na Desemba ya Valencia, kwenye usawa wa bahari, ndiyo tarehe inayotegemeka kuliko zote barani Ulaya. Rotterdam, mwezi wa Aprili, huwa na baridi nzuri, lakini upepo wa Uholanzi hauna adabu. Upepo wa mbele hunyang'anya zaidi ya kile ambacho upepo wa mgongoni hurudisha, hivyo hata njia ya mzunguko haiponi.

Siku mbaya sana hubadilisha hata maana ya ushindani. Boston ya mwaka 2018, katika mvua ya baridi na upepo wa mbele, ilitwaliwa kwa 2:15:58 na Yuki Kawauchi, ambaye wakati huo alikuwa mtumishi wa serikali ya mkoa wa Saitama, Japani, akifanya mazoezi nje ya saa za kazi.

Kwa mkimbiaji wa Afrika Mashariki kuna jambo la kuongeza. Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na Nairobi karibu 1,700. Hewa nyepesi hujenga mapafu na damu lakini hupunguza kasi ya siku ya mbio. Pwani hakuna tatizo hilo, lakini kuna joto na unyevu. Mjini Moshi kuna joto, na njia ya Kilimanjaro Marathon hupanda kuelekea Mweka. Aliyemaliza Nairobi kwa saa 3:05 hana sababu ya kuona chini ya saa tatu ni ndoto akishuka penye baridi na tambarare.

Kisha kuna watu. Njia hupimwa kwa kufuata mstari mfupi kabisa, sentimita 30 kutoka ukingoni mwa kona. Anayekwepa watu na kuzunguka kona kwa nje hukimbia zaidi ya kilomita 42.195. Akiongeza mita 400 kwa mwendo wa dakika 4:16 kwa kilomita, ambao ndio mwendo wa saa tatu kamili, amejipotezea sekunde 102. Berlin, yenye wakimbiaji zaidi ya 50,000, huwabana walio nyuma kwa kilomita kadhaa. Faida yake ni kwamba kwa karibu kila mwendo kuna kundi la kujificha nyuma yake. Mbio ndogo hugeuza hesabu hiyo: nafasi ni tele, ila baada ya kilomita 25 mtu anaweza kujikuta peke yake na upepo. Fukuoka, Japani, ilitatua tatizo kwa kudai muda wa kufuzu kutoka kwa kila mshiriki, na ndiyo sababu hata nyuma ya mabingwa mbio zake zimejaa watu wenye kasi. Saa za mkononi zenye GPS hazisaidii sana mbele ya maghorofa ya Chicago, ambako hupotea mara kwa mara. Vibao vya kilomita ndivyo vya kuaminiwa.

Safari nayo huingia kwenye hesabu. Kutoka Nairobi au Dar es Salaam, tofauti ya saa na Dubai au Berlin ni moja tu, na Valencia ni mbili. Tokyo ni sita, Chicago ni nane, na mwili huhitaji siku kadhaa kuzoea. Viza ya Schengen na ya Marekani zinapaswa kuombwa mapema kuliko mazoezi yanavyoanza, na London hugawa nafasi nyingi kwa bahati nasibu ambayo wengi hushindwa.

Vyote vikipimwa, Valencia ndiyo chaguo la kwanza kwa anayetafuta muda pekee, na Berlin la pili. Tarehe za mbio hizi mbili pia zinampa nafasi ya kujirekebisha: anayekutana na joto Berlin anaweza kuacha katikati, kupumzika, na kujaribu tena Valencia wiki kama kumi baadaye, mradi amejiandikisha kabla nafasi hazijaisha. Ikishindikana huko, Dubai huja mwanzoni mwa mwaka, kwenye barabara ndefu zilizonyooka na mwanzo wa alfajiri kabla ya jua, na Sevilla Februari.