Povu Juu ya Kanzu

Tumeulizwa na mama mmoja: kanzu nyeupe iliyoingia damu, ikamiminiwa haidrojeni peroksaidi hata doa likatoweka, je, imetwahirika?

Kwanza tuijue dawa yenyewe. Ni mfano wa maji yaliyoongezewa chembe moja ya oksijeni, na chembe hiyo haitulii. Ndani ya damu mna kimeng'enya kiitwacho katalesi, nacho huivunja dawa papo hapo ikawa maji na oksijeni. Povu tulionalo ni oksijeni hiyo ikitoka. Hata mwanga huivunja, ndiyo sababu huuzwa katika chupa ya kahawia.

Basi povu limeondoa rangi tu. Nguo haijatwahirika mpaka ipitishiwe maji safi. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, rangi iliyobaki baada ya kusuguliwa na kuoshwa, ikawa ni tabu kuondoka, husamehewa. Asiye na dawa hii asijitie mashakani.

Atakayeitumia achukue ya asilimia 3, afue kwa maji baridi, kwani ya moto hugandisha damu katika nyuzi. Leso ya rangi ijaribiwe pindoni, maana huchujuka. Isichanganywe na siki, huzaa asidi iunguzayo macho na mapafu. Isinywewe, asemalo mtu liwe lolote. Kidonda cha mtoto nacho kisimiminiwe kila siku, kwani huumiza nyama changa. Maji safi na sabuni yatosha.

Chupa ya zamani isipotoa povu juu ya damu, imekwisha nguvu.