Imulike lenzi ya zamani kabla hujatoa pesa

Umeona zile picha ambazo majani nyuma ya mtu yanaonekana kama yanazunguka, ukaambiwa siri ni Helios 44-2, na sasa umepata inayouzwa. Poa. Lenzi hii ya milimita 58 ilitengenezwa katika Muungano wa Sovieti kwa kufuata Biotar ya Ujerumani, na bado ni mali safi. Ila usitume M-Pesa kwanza. Kuna vitu viwili ambavyo wauzaji huvichanganya, wengine makusudi: mng'ao na ukungu.

Vyote hupausha picha, nyeusi ikawa kijivu. Tofauti ni kwamba mng'ao ni tabia ya lenzi, ukungu ni ugonjwa.

Uso wa kioo kisichopakwa dawa hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga. Helios ina vioo 6 katika makundi 4, yaani nyuso 8 zinazokutana na hewa. Dawa ya enzi hizo hupunguza mwanga huo kurukaruka ndani, lakini haifikii ya lenzi za leo. Ndiyo maana jua la jioni likikupiga kwa pembeni picha inafifia. Dawa yake? Hudi ya mpira, au kiganja chako kikinge jua. Kagua adapta pia. Ikiwa inang'aa kwa ndani, ipake rangi nyeusi isiyong'aa.

Ukungu nao haujali jua liko wapi. Piga picha ya kitu cheusi ukiwa kivulini, taa isikuelekee. Ikitoka imepauka hata hapo, shuku kioo.

Sasa washa tochi ya simu. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho (44-2 ina pete mbili, kwa hivyo hakikisha zote ziko kwenye 2), mulika kutoka nyuma kwa pembe, kisha chungulia kutoka mbele. Vumbi kidogo si hoja. Utando kama moshi mara nyingi ni mvuke wa grisi iliyozeeka, na fundi anayejua kazi huusafisha. Nyuzi kama za buibui ni kuvu. Kuvu ikishakula dawa ya kioo, hata ukiisafisha alama hubaki. Na ukiona weupe au rangi za upinde wa mvua zikianzia ukingoni, huenda gundi kati ya vioo inaachia. Hiyo achana nayo.

Muuzaji akikwambia "huo ukungu ndio vintage yenyewe bro", mwambie apunguze bei kwa gharama ya fundi. Akikataa, ondoka. Helios zilitengenezwa kwa wingi mno, utapata nyingine. Bibi harusi aliyekulipa hatataka kusikia habari za vintage gauni lake likitoka kama limeoshwa na majivu.

Ukiipata safi, usiifungie kwenye mkoba wa ngozi, hasa ukiwa Mombasa. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye boksi la viatu, usivitupe.