GOTI LILILOKAKAMAA KWA MWENYE HEMOFILIA



Wapo wavulana ambao damu yao haigandi upesi. Ni hemofilia, ugonjwa wa kurithi, si uchawi. Damu ikivujia ndani ya goti mara kwa mara, kiungo huharibika na goti hukakamaa.

Akishakuwa mtu mzima, hospitali kubwa yenye wataalamu huweza kumwekea goti la bandia. Maumivu hupungua sana. Kukunja mguu kama zamani ni nadra. Lakini kabla ya kupasuliwa, na siku nyingi baadaye, lazima achomwe dawa ya kugandisha damu. Bila hiyo anaweza kutoka damu hadi kufa.

Kwa hiyo msikubali mtu achanje wala kutoboa goti lililovimba. Mgonjwa apumzike, awekewe kitambaa cha maji baridi, aletwe zahanati siku hiyo hiyo. Mtajieni mganga hemofilia kabla ya sindano yoyote. Asipewe aspirini.