DVD za Kuchoma: Kati ya Alama ya Kutoa na ya Kujumlisha

Mpiga picha za video anayerekodi harusi na ngoma za Kisukuma kuanzia njia panda ya Tinde hadi Kahama na Geita, anapotaka kumkabidhi mteja kazi kwenye DVD, hukuta dukani diski mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa alama: DVD-R, iliyobuniwa na kampuni ya Pioneer ya Japani mwaka 1997, na DVD+R, iliyoletwa mwaka 2002 na muungano wa kampuni zikiwamo Philips na Sony. Zote mbili hubeba gigabaiti 4.7, na tofauti yao kubwa imo katika mfereji mwembamba unaoiongoza mashine ijue imefika wapi, jambo ambalo mtazamaji halioni kamwe.

Mashine ya kuchomea hutumia leza nyekundu kuunguza rangi maalumu iliyofichwa kati ya bamba mbili za plastiki. Kwa kuwa doa lililoungua halifutiki, umeme ukikatika katikati ya kazi diski hiyo huwa ya kutupa. Zile zenye herufi RW zina tabaka la metali linaloweza kufutwa na kuandikwa upya mara elfu moja hivi, ila huakisi mwanga kwa unyonge, ndiyo maana deki nyingi za zamani huzikataa. Picha za harusi zisichomwe humo.

Ugomvi wa alama ulipoa mapema, kwani mwaka huohuo wa 2002 Sony ilitoa mashine inayochoma aina zote mbili, na nyingine zikafuata. Linalostahili kuangaliwa zaidi ni kasi. Mashine yenye kasi ya 16 hujaza diski kwa dakika sita hivi na kasi ya 4 kwa robo saa, lakini diski ya bei rahisi ikiharakishwa madoa yake hutoka hafifu, na picha huganda sebuleni kwa mteja. Kwa deki kuukuu, DVD-R ndiyo huwa salama zaidi. Kazi ikiisha diski sharti ifungwe, yaani mashine iandike taarifa za mwisho ambazo deki huzitafuta kwanza. Isipofungwa, itacheza kwenye kompyuta iliyoichoma na kugoma kwingineko.