Ziada ya Kodi ni ya Nani?

Mwaka 1992 wapiga kura wa jimbo la Colorado, nchini Marekani, waliidhinisha sheria inayoiwekea serikali yao mpaka wa mapato. Mapato yakipita kiwango maalumu, ambacho hufuata mfumuko wa bei na ongezeko la watu, ziada hiyo sharti irejeshwe kwa walipa kodi, isipokuwa wapiga kura wenyewe wairuhusu serikali kubaki nayo. Tangu hapo miji mingi ya jimbo hilo imewaendea raia wake kwa sanduku la kura na swali moja: fedha zilizozidi tuzirudishe, au tuzitumie? Mwaka 2005 jimbo zima liliulizwa, na wengi wakakubali serikali ibaki na ziada hiyo kwa miaka 5.

Je, jambo hilo lina funzo gani kwa Meru na Embu? Wapo watakaocheka na kusema kwamba kaunti zetu hazijui ziada ni kitu gani. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya bajeti zake hutoka katika mgao wa Hazina ya Taifa. Hata hivyo, kiini cha hoja si wingi wa fedha, bali ni nani anayeulizwa, na anaulizwa nini.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 209, inaziruhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi na majengo na kodi ya burudani, pamoja na ada za huduma. Fedha hizo hazitoki angani. Hutolewa na mchuuzi wa soko la Gakoromone mjini Meru, na mwenye duka mjini Embu. Ndiyo maana kifungu cha 201 kinadai ushirikishwaji wa umma katika masuala ya fedha. Wala dai hilo si pambo: mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Hebu tulichambue neno hilo. Kutokana na kitenzi ‘shiriki’ tunapata ‘shirikisha’, kisha ‘shirikishwa’. Anayeshiriki hutenda, anayeshirikishwa hutendewa. Sarufi hapa inasema ukweli mchungu. Aghalabu raia huitwa ukumbini, akakabidhiwa kabrasha nene la Kiingereza, akapewa dakika chache za kusema, kisha akatia sahihi katika orodha ya waliohudhuria. Orodha hiyo ndiyo hugeuka ushahidi kwamba alikubali. Lakini alikubali nini, ilhali hakuulizwa swali lenye jibu la ndiyo au la?

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 haikusahau jambo hili. Kifungu cha 90 kinaruhusu kura ya maoni ya mashinani kuhusu sheria za kaunti, na pia kuhusu maamuzi ya mipango na uwekezaji ikiwa ombi limetiwa sahihi na angalau asilimia 25 ya wapiga kura waliosajiliwa. Mlango upo, ni mzito kuusukuma.

Siungi mkono kuiga Colorado kwa kila hali. Mpaka mkali wa mapato unaweza kuinyima zahanati dawa katika mwaka wa ukame. Tena kura ya kaunti nzima ni ghali. Ninalopendekeza ni jepesi zaidi. Mapato ya ndani yakizidi makadirio, ziada isimezwe kimyakimya na bajeti ya nyongeza. Kila wadi iulizwe ichague moja kati ya njia tatu: kulipa madeni ya wakandarasi, kupunguza ada za sokoni, au kukamilisha mradi uliotajwa kwa jina. Swali liandikwe kwa Kiswahili, ambacho kifungu cha 7 kinakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na lielezwe kwa Kimeru, Kiembu na Kimbeere. Majibu yahesabiwe na kubandikwa hadharani.

Wengine watadai kwamba mwananchi akiulizwa kuhusu kodi atakataa daima. Kura ya mwaka 2005 inawakanusha. Mtu hukataa asiloelezwa. Akijua fedha zitakwenda wapi, hupima. Isitoshe, kujadili shauri kabla ya kulikata si jambo geni kwa watu wenye baraza kama Njuri Ncheke.

Walimu na wanafunzi, kazi hii ni yenu pia. Chukueni mswada wa fedha wa kaunti yenu, mfasirini ukurasa mmoja tu, kisha mwulizeni mzazi kama ameuelewa. Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza kwamba daftari lisilosomeka kwa mwenye mali halina tofauti na daftari lisilokuwapo.